HOJAJI YA HOFU DARASANI: NI NANI ANAYEULIZA?

Mwalimu mwanafunzi anapotaka kujua hofu waliyo nayo wanafunzi wake, njia ya kwanza inayomjia akilini ni hojaji. Huandaa maswali, huyagawa, huhesabu majibu, kisha huandika katika taarifa yake kwamba watoto kadhaa wana hofu kubwa na wengine hawana. Nia hiyo ni njema. Kwa miaka mingi mwalimu alipima kumbukumbu ya mtoto bila kujali moyo wake ulikuwa katika hali gani. Hata hivyo, tunaona ni wajibu wetu kutoa tahadhari moja: hojaji haipimi hofu ya mtoto peke yake; hupima pia jinsi anavyomwogopa yule anayemwuliza.

Jambo hili tulijifunza kwa kosa letu wenyewe. Katika shule moja nje ya mji wa Mpanda tuliwasomea wanafunzi wa darasa la sita maswali ya ndiyo au hapana. Swali mojawapo lilikuwa, "Je, unamwogopa mwalimu wako?" Darasa zima liliandika "Hapana", nasi tukafurahi. Tulipokuwa tukikusanya karatasi ndipo tulipotambua kwamba fimbo ilikuwa juu ya meza yetu, na kwamba kila karatasi ilikuwa na jina la mwenyewe. Karatasi moja ilikuwa imetoboka. Mtoto alikuwa ameandika "Ndiyo", akaifuta kwa nguvu, kisha akaandika "Hapana" pembeni ya tundu. Tundu lile ndilo lililokuwa jibu la kweli la siku ile.

Tatizo hili si la Katavi peke yake. Huko Marekani, Seymour Sarason na wenzake walichapisha mwaka 1960 kitabu juu ya hofu ya watoto wa shule za msingi. Kipimo chao kilikuwa na maswali 30 ya ndiyo au hapana, yaliyosomwa kwa sauti mbele ya darasa. Waliona kwamba wasichana walikiri hofu kuliko wavulana. Hawakuharakisha kusema kuwa wavulana ni mashujaa. Walifikiri huenda wavulana waliona haya kukiri. Kwa hiyo walitumia pia maswali mengine ya kuwatambua watoto wanaokana mambo ambayo karibu kila binadamu huyapata. Ikiwa mabingwa hao waliyatilia shaka majibu waliyoyapata, itakuwaje kwetu tunaouliza huku tumeshika daftari la alama?

Shida ya pili ni lugha. Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, una watoto wanaotoka katika nyumba zinazosema Kibende, Kikonongo, Kipimbwe, Kifipa na Kisukuma. Katika makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, ziko nyumba zinazosema Kirundi, ingawa wengi wa wenyeji wake ni raia wa Tanzania waliokabidhiwa hati zao tangu mwaka 2014. Hata kwa aliyekulia katika Kiswahili, neno "wasiwasi" laweza kuwa hofu na laweza kuwa shaka. Mtoto akiulizwa kama ana wasiwasi na mtihani, anaweza kudhani anaulizwa kama anautilia mashaka, naye atakana kwa adabu.

Kuuliza juu ya dalili za mwili nako kunataka busara. Tukiuliza, "Je, tumbo hukuuma asubuhi?" aliyetoka nyumbani bila kula atajibu ndiyo, na mwenye malaria vivyo hivyo. Tukiuliza, "Je, moyo wako huenda mbio ufikapo shuleni?" atajibu ndiyo yule aliyekimbia njia nzima asichelewe. Tena hojaji ya GAD-7, iliyotolewa mwaka 2006 na kutumiwa sasa katika nchi nyingi, humtaka mtu akumbuke majuma mawili yaliyopita na kueleza kama alisumbuka siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Kwa mtoto wa darasa la nne, hilo ni swali la hisabati kabla halijawa swali la moyo.

Je, tuziache hojaji? La. Tunachosema ni kwamba zitumike kama taa ya kulimulika darasa, zisiwe muhuri wa kumpiga mtoto usoni. Majina yasiandikwe. Maswali asome mtu asiyetoa alama wala adhabu kwa watoto hao. Yajaribiwe kwanza kwa watoto wachache, nao waeleze kwa maneno yao wenyewe wameelewa nini. Kisha majibu yalinganishwe na yale ambayo jicho la mwalimu limeona: nani hukosa shule siku ya jaribio, nani hujua somo akiwa uwanjani na kulisahau akiitwa ubaoni. Mtoto anayeonekana kuteseka aitwe faraghani, asikilizwe, na mzazi wake ashirikishwe.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi, bali maendeleo yake ya kila siku yahesabiwe. Ingekuwa ajabu basi kama sisi, kwa kutaka kuipima hofu ya mtihani, tungemwekea mtoto mtihani mwingine juu ya ule wa kwanza.

Tunawaomba wanachuo wajiulize swali moja kabla ya kugawa karatasi: majibu yakionyesha kwamba hofu ya darasa hili inatokana nami, nitabadili nini Jumatatu? Asiye na jibu la swali hilo asiwaulize watoto kitu. Aliye nalo na aanze kwa kuiondoa fimbo mezani.