Nakala Moja, Kompyuta Thelathini

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Leo napinga kidogo. Muhula uliopita tulikosa somo la kompyuta wiki mbili nzima, fundi akitia programu kompyuta moja moja. Jamani, ya nini? Clonezilla, programu ya bure kutoka Taiwan, hunakili diski nzima ya kompyuta moja iliyokwisha kutengenezwa, kisha huzimwagia nakala hiyo zote zinazofanana nayo kwa mpigo. Docker, iliyotoka mwaka wa 2013, huanzisha huduma za seva kwa wazo lilo hilo. Lakini tahadhari! Nakala ikiwa na virusi, zote zitaugua. Basi ya kwanza tuikague polepole, zilizobaki twende mbio. Hapo haraka itakuwa na baraka.