Mwanafunzi wa Mbali Ataka Mtu wa Karibu

Watu wengi wakisikia masomo ya mbali hudhani ni masomo ya mtu peke yake: chuo kikuu kiko huko, mwanafunzi yuko huku, na kati yao ni karatasi tu, au siku hizi simu. Mimi naona dhana hiyo ndiyo chanzo cha wengi kuanza na wachache kumaliza.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Tangu miaka ya 1960 walimu wa Kenya walikuwa wakijiendeleza kwa masomo ya barua kutoka Nairobi, na vipindi vya redio vikiwasaidia. Tanzania ikatunga sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na vituo vyake viko mikoani mpaka Zanzibar. Kenya nayo ilipata Chuo Kikuu Huria chake Agosti 2023, makao yake Konza.

Sasa natutazame Kisii na Nyamira, nchi ya vilima, chai na migomba, ambako mashamba ni madogo na tamaa ya elimu ni kubwa. Huko wanafunzi wa namna hii aghalabu ni walimu wa shule za msingi wenye cheti, watakao diploma au shahada. Hufundisha muhula mzima, kisha Aprili, Agosti na Desemba shule zikifungwa, wao ndio huingia darasani.

Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha walimu na kupata hati yake mwaka 2013, kilikuwa kimefungua matawi mengi katika miji midogo. Januari 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaamuru matawi 10 kati ya 13 yafungwe, kwa sababu ya ubora. Sina ugomvi na Tume. Elimu haifai kuuzwa kwa kibaba kila penye duka tupu. Lakini tawi, hata likiwa dhaifu, lilimpa mwanafunzi meza ya kusomea, karani wa kumwuliza, na wenziwe wa kujadiliana nao. Ukimwondolea hilo, wampa nini badala yake? Simu haitoshi, na bando ni fedha.

Sisi tuliosoma chuoni huku mwambao twalijua jambo hili tangu utotoni. Mtoto hapewi msahafu akaambiwa nenda kasome mwenyewe. Hukaa mbele ya mwalimu, akakosolewa herufi kwa herufi, na mkubwa akamsikiliza mdogo. Hata mtu mzima aliyejaza kabati vitabu huulizwa: amesoma kwa nani? Kitabu hakimwambii msomaji kwamba amekosea.

Basi chuo kikuu kinachosomesha watu wa mbali kina wajibu wa mambo matatu. Kwanza, kila kundi la wanafunzi, liwe Keroka, Ogembo au Nyamira, liwe na mwalimu wake mmoja anayejulikana kwa jina, akutane nalo japo Jumamosi moja kwa mwezi katika shule ya sekondari yenye umeme. Pili, kazi zisahihishwe na kurudishwa kabla ya mtihani, si baada yake. Tatu, karo ifuate mapato ya watu. Mkulima mdogo wa chai hupata bonasi yake kubwa Oktoba, na mwaka wa masomo mara nyingi huanza Septemba. Mwezi mmoja huo wa kusubiri ungewaokoa wengi na deni, au na kuacha masomo. Na mama mwalimu, ambaye hushika kitabu watoto wakishalala, asiadhibiwe kwa kuchelewa siku mbili.

Msomaji asidhani haya ni ya bara peke yake. Mwalimu wa Kwale, wa Mto Tana au wa visiwa vya Lamu yumo katika hali iyo hiyo, na pengine kivuko chake ni kigumu kuliko kilima cha Nyamira. Kabla hajalipa shilingi ya kwanza, nampa nasaha aulize: nani atasahihisha kazi yangu, yuko wapi, na atanijibu siku gani? Chuo kisichoweza kumjibu maswali hayo, fedha zake azihifadhi.