Babu Yetu Katika Jalada la Mlowezi

Imekuwa ada katika idara zetu za Kiswahili kumtafuta babu katika ngano, katika majigambo na katika nyimbo za jando, huku majalada ya ardhi na ya mahakama yakiachiwa wanahistoria na mawakili. Makala haya yanapinga mgawanyo huo wa kazi. Katika Bonde la Ufa la kati, ambako familia nyingi ziliishi vizazi viwili au vitatu juu ya ardhi iliyoandikwa jina la mtu mwingine, jalada ni matini kabla ya kuwa ushahidi wa kisheria. Anayestahili kuwa miongoni mwa wasomaji wake wa kwanza ni yule aliyefunzwa kusoma matini.

Tuchukue mfano wa Salgaa. Wengi wanakijua kituo hiki cha barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret kwa sababu ya malori yanayolala hapo, na kwa ajali kama ile ya alfajiri ya 31 Desemba 2017 karibu na Migaa, iliyowaua watu 36. Wachache hukumbuka kwamba eneo zima la Rongai lilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Kwa mkazi wa huko, swali la babu yake alifanya kazi katika shamba la nani, na tangu lini, si la udadisi mtupu. Limewahi kuulizwa kwa vitisho katika mkoa huo mwaka 1992, 1997 na tena 2007 hadi 2008. Limeulizwa pia kwa njia ya amani: sheria ya mwaka 2016 iliweka muda wa miaka 5 wa kuwasilisha madai ya dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi. Waliokuwa na karatasi walikwenda na karatasi. Wengine walikwenda na masimulizi.

Karatasi zenyewe hazikugawanywa kwa haki. Mlowezi ameandikwa kila mahali. Sheria ya ardhi ya 1902 ilimwezesha kukodi kwa miaka 99, na ile ya 1915 ikaongeza hadi miaka 999. Shamba lake lina nambari, ramani ya mpimaji na idadi ya ekari. Lord Delamere, mathalani, alipewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903. Alipofariki, mirathi yake ilitangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali. Mjukuu wake anaweza kumfuatilia hatua kwa hatua hadi kaburini.

Skwota naye hayumo katika hati ya shamba. Sheria ya 1918 ilimtaka afanye kazi ya mlowezi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kuishi, kulima na kulisha mifugo yake. Kwa serikali alikuwa jina katika kipande, kile cheti kilichowekwa na sheria ya 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, chenye alama za vidole na jina la mwajiri. Kwa mahakama alionekana tu alipokosa: alipotoroka kazi, alipokutwa bila kipande, alipozidisha mifugo. Mtu mtulivu hakuacha wino. Ndiyo maana mtafiti anayemtafuta babu mwema aghalabu hukutana na babu mshtakiwa.

Hali hii si ya kwetu pekee, na ulinganisho na Marekani unafaa kwa sababu huko utafutaji wa mababu kwa njia ya nyaraka umekomaa. Katika wilaya ya Northampton, Virginia, kumbukumbu za mahakama zimehifadhiwa mfululizo tangu 1632. Humo wasomi wamemfuatilia Mwafrika aliyeletwa mwaka 1621, ambaye kwanza aliandikwa Antonio tu, baadaye Anthony Johnson. Mwaka 1651 alipata ekari 250. Mwaka 1677 mjukuu wake alinunua ardhi huko Maryland na kuiita Angola. Jina hilo moja la shamba linatuambia kuhusu kumbukumbu ya familia zaidi ya kurasa nyingi za kodi. Lakini kumbukumbu hizo hizo zinaonyesha kwamba mwaka 1655 Johnson alishinda kesi ya kumrejesha mtu mweusi mwenzake, John Casor, katika utumwa wake. Anayefungua jalada na awe tayari kwa babu atakayemkuta. Huku kwetu baadhi ya mababu walikuwa manyapara, na nyapara alikuwa shahidi aliye karibu pindi mlowezi alipompeleka skwota mbele ya hakimu.

Ugumu wa kwanza ni wa majina. Karani aliandika alichosikia. Katika kesi mashuhuri ya Wamaasai ya 1913, iliyopinga kuhamishwa kwao kutoka Laikipia, mdai wa kwanza ameingia katika vitabu vya sheria kama Ol le Njogo, ilhali alikuwa Ole Nchoko. Ikiwa kiongozi mwenye mawakili aliharibiwa jina, sembuse mkamuaji ng'ombe wa Rongai? Fauka ya hayo, mwanamume wa Kikalenjin aliyekuwa na jina la utotoni aliitwa arap fulani baada ya jando, kwa jina la baba yake, hivyo mtu mmoja anaweza kuonekana katika majalada mawili kama watu wawili. Kwa Wagikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na majina mawili yanaweza kupokezana kwa miaka mia. Haya ni maswali ya onomastiki. Tunayafundisha darasani kwa kutumia majina ya wahusika wa riwaya.

Ugumu wa pili ni wa lugha yenyewe. Mahakamani shahidi alisema kwa lugha yake au kwa Kiswahili, mkalimani akafasiri, hakimu akaandika kwa mkono, kwa Kiingereza. Hata hivyo Kiswahili hakikufutika. Shauri, baraza, boma, posho na nyapara ni maneno yaliyobaki ndani ya Kiingereza cha maafisa. La kutahadhari nalo zaidi ni shamba. Kwetu shamba ni shamba, liwe la ekari moja au elfu kumi. Walowezi walilifinya neno hilo: eneo la Mzungu waliliita kwa Kiingereza, na kile kijisehemu cha mahindi alichoruhusiwa skwota ndicho kilichoitwa shamba. Asiyejua mfinyo huo atasoma kwamba babu yake alikuwa na shamba, na atakwenda kulidai. (Kitabu cha Kiswahili cha bara cha F. H. Le Breton, kilichotolewa 1936, kilitaja katika anwani yake askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Mfanyakazi, aliyekuwa nusu ya kila mazungumzo hayo, hakutajwa.)

Kuna watakaosema kwamba kufukua majalada haya katika Bonde la Ufa ni kuchochea moto. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau yaliyomo. Mashamba ya walowezi yaliwakusanya Wakipsigis, Wanandi, Wagikuyu, Waluhya, Wajaluo na Waturkana, na kabla yao wote mkataba wa 1904 ulikuwa umewaondoa Wamaasai. Atakayemtafuta babu yake peke yake itambidi arukeruke majina ya majirani.

Rai yetu ni ndogo. Majalada ya mkuu wa wilaya ya Nakuru yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, chini ya alama DC/NKU. Idara iwaruhusu wanafunzi wachache wa uzamili kuyafanya matini ya tasnifu zao: wanakili majina jinsi yalivyoandikwa, wayapeleke Rongai na Salgaa, na kuyasoma kwa sauti mbele ya wazee. Mzee anaweza kulisikia jina lililopotoshwa na karani, akalinyoosha papo hapo na kumtaja mke wa mwenye jina, ambaye jalada halikumwandika kabisa. Wazee wa kufanya hivyo wanapungua kila mwaka.