Tofali Siyo Stendi, Jamani

Nimekuwa kimya wiki mbili, nilikuwa nyumbani Mollo (ndiyo, Mollo ile ile ya gereza, cheka umalize). Nimerudi chuo juzi, na leo siandiki habari za bumu wala za ratiba ya mitihani. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu ninaowapenda: washikaji wenye magari ya chini.

Mnawajua. Altezza, Celica, Mark II iliyokatwa springi mpaka bampa linanusa lami. Jumamosi asubuhi jamaa anavaa fulana iliyochakaa, anatoa jeki ya kwenye buti, ile ya kukunja kama mkasi, ananyanyua gari upande mmoja, anasukumia tofali mbili chini, anajiingiza kifudifudi, halafu anageuka chali kufungua nati ya sampu. Miguu tu ndo inaonekana. Nyuma ya hosteli zetu nimeona hivyo, na Mollo nimeona hivyo hivyo. Ukimwuliza anakujibu, "Dakika kumi tu, dada." Kana kwamba gari lina saa.

Kwanza niseme siyo mmoja wa wale wanaosema gari la michezo ni uhuni. Altezza ni gari zuri. Toyota walilitoa mwaka 1998 wakaacha mwaka 2005, nchi nyingine linauzwa kama Lexus IS, na mtu aliyelinunua kwa jasho lake ana haki ya kulijua mpaka chini. Kumwaga oili mwenyewe ni elimu. Unajua umeweka oili gani, unajua filta imebadilishwa kweli na haikufutwa tu kwa kitambaa. Kwa hiyo wale mtakaokimbilia kuniambia "si aende gereji tu", ngojeni kwanza. Gereji ipi? Nyingi tunazozimudu ni gereji bubu, na fundi mwenyewe analala chini ya gari lililosimama juu ya jiwe. Pandeni basi barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga mhesabu malori yaliyoharibika: matawi ya miti yamewekwa barabarani badala ya pembetatu, ekseli iko juu ya mawe, na utingo yuko chini yake. Sasa kama mwalimu wa mwenye gari ndo huyo, mwenye gari atajifunza nini?

Twende kwenye tofali. Tofali linabeba nyumba, ndiyo utetezi ninaosikia kila siku. Linabeba nyumba kwa sababu uzito umetandazwa juu yake lote, umelala sawasawa, na udongo umejaza mapengo. Gari halilali hivyo. Ukingo wa chini ya mlango ni kipande chembamba cha bati lililokunjwa, kinakalia tofali kama patasi. Altezza ina zaidi ya kilo 1,300. Tofali la kuchoma au bloku halipindi likakuonya, halilii kama mbao. Linapasuka mara moja na kuwa vipande. Jiwe ni afadhali kwa ugumu, ila jiwe linabingirika.

Na jeki peke yake? Ile ya mkasi imetengenezwa ikusaidie kubadili tairi ukiwa umesimama pembeni, basi. Vitabu vya magari vinasema usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu, ila vitabu vyetu vingi ni vya Kijapani, nani amesoma? Zile za haidroliki zinashikilia gari kwa oili iliyofungiwa nyuma ya sili ndogo ya mpira. Sili ikichoka, gari linashuka. Wakati mwingine polepole, wakati mwingine hata hupati muda wa kusema mama.

Sasa hapa ndo hasira yangu inahama kutoka kwa wenye magari kuja kwetu sisi, walimu wa kesho. Fizikia ya Kidato cha Pili ina mashine rahisi. Jeki ya skrubu imo. Mtoto anakariri kwa Kiingereza jinsi ya kukokotoa uwiano wake wa mwendo, anachora mshale, anapata alama. Kituo cha uzito kimo, uthabiti wa kitu umo. Halafu mtoto huyo huyo akimaliza shule anaingia chini ya gari lililosimama juu ya tofali, manake hakuna aliyemwambia kwamba ile "screw jack" ya daftarini ndo jeki ya kwenye buti ya mjomba wake. Tumemfundisha jibu, hatujamfundisha jeki. Na sisi humu kozi za ualimu tunajadili zana za kufundishia mpaka povu, wakati zana imekaa kwenye kila gari linaloegeshwa mbele ya ofisi ya walimu.

Haya, mtasema nalalamika tu. Shida ya kweli ya gari la chini naijua: jeki haiingii. Jeki za magurudumu za kawaida huwa na urefu wa kama sentimita 13 au 14 zikiwa zimeshushwa kabisa, na Altezza iliyokatwa springi haina nafasi hiyo mbele. Ndiyo maana mtu anaanza kunyanyulia pembeni, kwenye kona moja, gari linakaa mshazari kama kuku mgonjwa. Dawa yake ni mbao. Ufipa hatujakosa mbao jamani! Chukua mbili nene za sentimita 5, pana kuliko tairi, chonga ncha ya mbele iwe mteremko, weka mbele ya matairi ya mbele, panda taratibu mtu akikuangalizia. Umepata sentimita 5 za bure, jeki inapita, tena inafika katikati kwenye kile chuma kinene kinachobeba injini. Usinyanyulie kwenye sampu. Sampu ni bakuli la oili, haikuumbwa kubeba gari.

Kabla ya kunyanyua, weka kabari matairi yanayobaki chini. Hapa wajanja wengi wanaanguka, manake wanaamini handibreki na gia ya P. Altezza inasukumwa na matairi ya nyuma. P inashika matairi ya nyuma. Handibreki inashika matairi ya nyuma. Sasa ukinyanyua nyuma, niambie, ni kitu gani kinashika gari? Hakuna. Matairi ya mbele yako huru kabisa, upepo wa Sumbawanga na mteremko kidogo vinatosha. Kwa hiyo ukinyanyua nyuma, kabari mbele, pande zote mbili za tairi. Ukinyanyua mbele, kabari nyuma.

Halafu stendi za chuma, zile za miguu zenye pini au meno, mbili zinazolingana, chini ya sehemu zilizoimarishwa nyuma ya matairi ya mbele. Shusha jeki pole pole mpaka uzito ukae kwenye stendi. Kisha simama pembeni ulisukume gari kwa nguvu. Ndiyo, lisukume! Likitaka kuanguka, lianguke wewe ukiwa umesimama. Jeki iache ikigusa kidogo tu kama akiba, na tairi la spea lilaze chini ya ukingo wa gari. Fundi mmoja wa kwetu, kaka ninayemheshimu, yuko hai kwa tairi la spea. Gari lilitoka kwenye jiwe, likadondoka, likakalia rimu, yeye akatoka na mkono uliochubuka. Hadithi hiyo huisimulia akicheka. Mke wake hacheki.

Na ardhi. Mvua zikianza Novemba mpaka Aprili uwanja wa nyumbani unakuwa uji. Mguu wa stendi unazama upande mmoja, gari linaegemea. Jeki ya magurudumu nayo inapaswa kusogea kidogo wakati gari linapanda, ikikwama kwenye udongo inavuta gari pembeni au inapinduka. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Kama huna, mbao pana na nene chini ya kila kitu, na uwe umesubiri ardhi ikauke. Oili haitaharibika kwa kungoja siku tatu.

Oili ya gia boksi na ya difu ni kesi nyingine. Kipimo chake kinachukuliwa gari likiwa limelala sawa, kwa hiyo kunyanyua mbele peke yake kunakudanganya. Hapo unahitaji stendi nne au shimo. Na fungua nati ya kujazia kwanza kabla ya kumwaga. Ikigoma, bado una oili ndani na unaweza kuendesha mpaka kwa fundi.

Najua jibu linalofuata: stendi ni hela. Ni kweli, na mwanafunzi hana. Ila hawa hawa washikaji walichanga hela za spika za buti, zinazotikisa madirisha ya hosteli saa tano usiku. Watu sita wenye magari sita wanashindwaje kununua stendi moja seti wakapokezana? Na "siku yangu ikifika imefika" msiniletee. Siku yako ikifika kwa malaria nitalia. Ikifika kwa tofali nitalia vile vile, ila mama yako ataniuliza mimi niliyekuwa nimesimama pale, nilisema nini.

Mwenye Altezza nyeusi ya nyuma ya hosteli, unajijua. Nimekuja na mbao mbili kutoka Mollo, zimeshachongwa ncha, ziko chini ya kitanda changu. Njoo uzichukue kabla ya Jumamosi. Oili chafu usimwage kwenye mtaro, weka kwenye dumu, fundi seremala wa pale getini anaihitaji kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.