Muuza Vikapu Anataka Tarehe Yako ya Kuzaliwa ya Nini?

Mjadala wa faragha katika Afrika Mashariki umetawaliwa na wakubwa: makampuni ya simu, mabenki, wakopeshaji wa mitandaoni, na Serikali zenyewe. Ni sawa uwe hivyo, kwa kuwa hao ndio wenye kumbukumbu za mamilioni ya watu. Hata hivyo, leo nataka kuwashusha wasomaji wangu hadi ngazi ambayo mawakili hawaizungumzii sana kwa sababu haina malipo mazuri, yaani tovuti ndogo ya kikundi cha kazi za mikono. Nazungumzia kikundi kinachouza vikapu vya milulu kutoka Iringa, au vyondo vya katani kutoka Ukambani, au picha za Tingatinga kutoka Dar es Salaam. Nadiriki kusema kwamba hapo, kuliko katika ofisi za benki, ndipo tunapoweza kupima kama sheria zetu za taarifa binafsi zimeingia katika mwenendo wa watu au zimeishia kwenye Gazeti la Serikali.

Ukifungua tovuti ya namna hiyo na kutaka kununua kikapu, utatakiwa kwanza ufungue akaunti. Utaombwa jina, barua pepe, namba ya simu na anwani. Mpaka hapo hakuna wa kulalamika, kwani kifurushi hakiwezi kumfikia mtu asiye na anwani, na msafirishaji hawezi kumtafuta mtu asiye na simu. Kisha utaulizwa jinsia yako, na baada yake tarehe yako ya kuzaliwa. Kikapu hakina umri unaoruhusiwa kukibeba. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu katika semina wadhani ni kwa nini maswali hayo yapo, nao wakaanza kubuni sababu za kibiashara zenye akili nyingi. Sababu yenyewe ni nyepesi mno: kiolezo cha tovuti kilikuja na nafasi hizo, na aliyekinunua hakuziondoa. Hakuna aliyeamua kukusanya tarehe za kuzaliwa za wateja. Zinajikusanya zenyewe, zinakaa kwenye seva ya nchi nyingine, na siku tovuti ikivamiwa zitaondoka pamoja na jina, simu na anwani, na huo ni mkusanyiko unaomtosha kabisa tapeli anayetaka kujifanya wewe mbele ya wakala wa fedha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ya Kenya ni ya mwaka 2019. Zote mbili zimejengwa juu ya wazo moja, kwamba anayekusanya taarifa awe na lengo halali analoweza kulitaja, na akusanye kile tu ambacho lengo hilo linakihitaji. Zote mbili zina mizizi katika katiba: Ibara ya 16 kwa Tanzania, Ibara ya 31 kwa Kenya. Kwa hiyo swali la tarehe ya kuzaliwa si swali la adabu tu. Anayeuza kikapu na kuomba tarehe ya kuzaliwa hana lengo la kulitaja, na kwa mizani ya sheria hana haki ya kuwa nayo.

Atakujibu kwamba anayo sera ya faragha. Isome. Mara nyingi imenakiliwa neno kwa neno kutoka kwa duka la ng'ambo, ikiwa kwa Kiingereza cha mahakamani, ikitaja haki za wakazi wa California na kumtaja ofisa wa ulinzi wa taarifa ambaye hajawahi kuajiriwa. Wenye tovuti wengi huiona sera hiyo kama hirizi, ili mradi imening'inizwa mlangoni. Mimi naiona kama tamko la uongo lililotiwa saini, na ni afadhali tovuti isiyo na sera kuliko iliyo na sera inayoahidi mambo yasiyofanyika, kwa kuwa ile ya kwanza haijamdanganya mtu.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye tovuti mwenyewe halijui. Ukurasa wa intaneti ni kama jiko la pamoja: wanaopika humo ni wengi, na si wote walioalikwa na mwenye nyumba. Picha zinatoka hapa, ramani inatoka pale, maandishi yenyewe huchotwa kwa mtu wa tatu, na kila anayechotwa humwona mgeni. Tarehe 20 Januari 2022 mahakama moja ya mjini Munich, Ujerumani, iliamuru mwenye tovuti amlipe mgeni wake fidia ya euro 100 kwa sababu tovuti ilitumia fonti za Google zilizopakuliwa moja kwa moja kutoka kwenye seva za kampuni hiyo, na kwa njia hiyo ikaipelekea Google anwani ya IP ya mgeni huyo bila ridhaa yake. Baada ya hukumu hiyo wenye tovuti ndogo huko Ujerumani na Austria walimiminiwa barua za madai kutoka kwa watu walioona upenyo wa fedha. Sifurahii biashara hiyo ya barua. Ninachokitoa katika kesi ile ni kwamba fonti zilezile zingeweza kuhifadhiwa kwenye seva ya mwenye tovuti bila gharama yoyote, na hakuna herufi hata moja ambayo ingebadilika sura. Madhara yalitokana na kutojua. Tena Mjerumani huyo hayuko mbali nasi kama tunavyodhani: Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa, inayotumika tangu Mei 2018, humfuata hata mfanyabiashara aliye nje ya Ulaya iwapo anawalenga wateja wa huko. Kikundi kinachoandika bei kwa euro na kutangaza kwamba kinatuma mizigo Berlin kimeshaingia katika uwanja wake, kikijua au kisijue.

Kwetu, sehemu kubwa ya biashara hii haifanyiki hata kwenye tovuti. Mteja anaona kikapu kwenye tovuti, anahamia WhatsApp, anatuma fedha kwa simu, anapiga picha ya ujumbe wa muamala na kuituma kama ushahidi. Muuzaji, kwa furaha, anaibandika picha hiyo hadharani ili wengine waone kwamba watu wananunua. Humo kuna jina kamili la mteja, namba yake ya simu, kiasi alicholipa, na pengine hata salio lake. Nimeziona nyingi mno. Hakuna vidakuzi hapa, hakuna fonti, hakuna seva ya mbali, ila siri ya mteja imeanikwa kama dagaa. Wenzetu wa Kenya wameshaonyesha kwamba kubandika bila ridhaa kuna bei. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya starehe jijini Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Picha hizo zinanifikisha kwa mtu anayesahauliwa kuliko wote, naye ni msusi mwenyewe. Tukisema faragha kwenye tovuti ya vikapu tunamfikiria mnunuzi, mwenye kadi ya benki na anwani ya Ulaya. Mbona hatumwulizi mama aliyesuka? Sura yake iko ukurasa wa mbele. Chini yake pana jina lake, kijiji chake, idadi ya watoto wake na majina yao, kwamba ni mjane, kwamba mumewe alikufa kwa maradhi gani, na wakati mwingine kwamba yeye mwenyewe anaishi na virusi. Habari hizo zimewekwa hapo kwa sababu zinauza. Mnunuzi wa mbali hapendi kununua kikapu kitupu, hununua kikapu chenye machozi. Sheria ya Kenya inahesabu hali ya afya, hali ya ndoa na majina ya watoto kuwa taarifa nyeti. Sheria ya Tanzania nayo inazipa habari za afya ulinzi wa juu. Je, mama huyo aliambiwa kwamba jirani yake mwenye simu ataweza kuyasoma hayo? Aliambiwa kwamba anaweza kusema hapana na bado kikapu chake kikauzwa? Ridhaa inayotolewa mbele ya mtu aliyeshika fedha za kikapu chako ni ridhaa ya kutiliwa shaka, hata kama dole gumba limewekwa kwenye karatasi. Ningekuwa mkaguzi wa Tume, ningeanza kazi yangu hapa kabla ya kugusa fomu ya mteja.

Najua pingamizi litakalotolewa, na si la kipuuzi: tunavitwisha vikundi vya akina mama mzigo ulioundwa kwa ajili ya mabenki. Sheria ya Tanzania inamkataza mtu kukusanya au kuchakata taarifa binafsi bila kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kanuni za Kenya za mwaka 2021 ziliwaondolea wajibu wa kusajiliwa wale wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, isipokuwa katika sekta zilizotajwa, kama vile afya, elimu na huduma za fedha. Hapa Kenya imetumia busara. Imeondoa usajili, lakini haikuondoa wajibu wa kutenda haki kwa taarifa za watu. Usajili ni karatasi, na karatasi inaweza kusubiri hadi biashara ikue.

Aidha, watumishi wa umma wanaonisoma wasiikunjie uso tovuti ya vikapu kabla hawajatazama meza zao. Kwenye lango la ofisi nyingi za Serikali lipo daftari la wageni, limefunguliwa wazi, na kila anayeingia huandika jina, namba ya simu, anakotoka na shida iliyomleta, akiwa amekwisha kusoma za waliomtangulia.

Kwa hiyo naiomba Tume itoe kiolezo cha tangazo la faragha kwa wajasiriamali wadogo, kiwe cha Kiswahili na kisizidi nusu ukurasa. Ili nisidaiwe kwamba nalaumu tu, nimeandika changu:

“Tunakuomba jina, simu na anwani ili tukufikishie mzigo. Malipo yanapita kwa kampuni ya malipo. Sisi hatuioni namba ya kadi yako. Kumbukumbu za mauzo tunazitunza miaka 5 kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Kodi inatutaka hivyo. Mengine tunayafuta mzigo ukishafika. Anwani yako tunampa msafirishaji peke yake. Tovuti hii haihesabu wala haifuatilii wageni. Wasusi unaowaona wamekubali picha zao ziwepo, na yeyote kati yao akitaka yake iondolewe, inaondolewa. Ukitaka kujua tulichonacho kukuhusu, au tukifute, mwandikie katibu wa kikundi.”

Anayetaka kulitumia alichukue bure. Asome kwanza sentensi moja moja, na ile isiyokuwa kweli kwenye tovuti yake airekebishe tovuti kabla ya kuibandika.