Lumbesa ya hila ipelekwe mahakamani

Kifungu cha 304 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, katika toleo la mwaka 2022, kinamtia hatiani yeyote anayetumia hila au ujanja wa udanganyifu kumfanya mwenzake atoe fedha au bidhaa nyingi kuliko ambazo angetoa bila hila hiyo. Adhabu ni kifungo cha hadi miaka mitatu. Mkulima wa viazi mviringo wa Isyonje au wa Kilolo akisomewa maneno hayo hahitaji wakili wa kumfafanulia. Atakwambia papo hapo yanamhusu nani.

Mnunuzi hufika shambani na magunia yake mwenyewe. Bei inatajwa kwa gunia, si kwa kilo. Gunia likijaa hadi mdomoni halishonwi. Linashindiliwa, linaongezwa viazi, kisha juu yake kinafungwa kichwa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Mengine yamekwisha kuunganishwa na kipande cha gunia la pili kabla hayajafika kijijini, na bado yanaitwa gunia moja. Kwenye vitunguu vya Ruaha Mbuyuni mchezo ni huohuo. Tuseme gunia linalolipwa kama la kilo 100 limebeba kilo 130. Mkulima aliyeuza magunia 20 amempa mnunuzi kilo 600 za bure, sawa na magunia sita aliyoyalimia, akayawekea mbolea, akayapulizia dawa ya ukungu na kulipia vibarua wa kuyachimba.

Hayo si mageni. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinataka mazao yauzwe kwa mizani na gunia lisizidi kilo 100. Viongozi wamepiga marufuku lumbesa mkutano baada ya mkutano. Wakala wa Vipimo hufanya ukaguzi barabarani na sokoni. Akikamatwa, mwenye mzigo hukiri, hulipa faini, huondoka. Faini inaingia serikalini. Mkulima aliyepunjwa hapati hata senti, na mara nyingi hajui kama mtu wake alikamatwa.

Hapo ndipo tunapotofautiana na utaratibu wa sasa. Kumpunja mkulima kumegeuzwa kuwa kosa la ufungashaji, kana kwamba aliyekosewa ni gunia. Faini ya namna hiyo mfanyabiashara anaiweka kwenye hesabu zake pamoja na dizeli na ushuru wa geti, na safari inayofuata anarudi na magunia yaleyale.

Tutajibiwa kwamba mkulima anaona kwa macho yake. Gunia linajazwa mbele yake, kichwa kinafungwa mbele yake, na anapokea fedha kwa hiari. Hila iko wapi? Jibu hilo lina haki nusu, na hatutaki kulikwepa. Sheria ya jinai haimfungi mtu kwa sababu tu amenunua kwa bei mbaya. Lazima kuwe na udanganyifu, na udanganyifu huo ndio uwe umemtoa mtu mali yake. Mkulima anayejua gunia limezidi, lakini anauza kwa kuwa lori limekuja moja tu na viazi vikikaa vinaoza, hakudanganywa. Amebanwa. Kwake yeye Sheria ya Vipimo ndiyo ngao inayofaa, maana haiulizi kama muuzaji alidanganyika. Inauliza gunia lina kilo ngapi.

Lakini si kila shamba liko hivyo. Anayeleta gunia lililounganishwa kwa mshono na kuliita la kilo 100 ametumia hila. Anayepimia kwa debe lililobondwa hadi likatanuka ametumia hila. Anayechezea mizani isome pungufu ametumia hila iliyo wazi kuliko zote. Hapo mkulima ametoa mali zaidi ya alivyokusudia kwa sababu alidanganywa kuhusu kipimo, na kila neno la kifungu cha 304 limetimia. Kuwatoza watu hao faini ya ufungashaji na kuwaachia ni kuwasamehe kosa kubwa kwa kuwaadhibu kwa dogo.

Liko pia suala la mali kauli. Mnunuzi anachukua mzigo wa mahindi au viazi, anaahidi kulipa akishauza Dar es Salaam, kisha simu haipokelewi tena. Mkulima akienda kituo cha polisi anaambiwa hilo ni deni, afungue kesi ya madai. Mara nyingine polisi wako sahihi: biashara inaweza kuharibika, mzigo ukaoza njiani, na kushindwa kulipa si jinai. Ila kama mtu alitaja kampuni isiyokuwepo, alionyesha risiti bandia ya benki, au alijifanya ametumwa na mnunuzi ambaye hamjui, habari ni nyingine kabisa. Kifungu cha 302, cha kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, kimewekwa kwa ajili yake, na adhabu yake inafika miaka saba. Ofisa wa zamu anapaswa kuuliza swali moja kabla ya kumrudisha mkulima nyumbani: huyu mtu alikwambia nini ambacho alijua ni uongo wakati anachukua mzigo?

Linganisha na matapeli wa simu. Kijana anayetuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anatafutwa na polisi, laini yake inafungwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamsubiri kwa adhabu kali. Ni sawa kabisa, tunaunga mkono. Tunachouliza ni kwa nini anayemtapeli mjane wa Mufindi kwa simu aitwe mhalifu, na anayemtapeli mjane huyohuyo kwa debe lililobondwa aitwe mfanyabiashara.

Kenya walijaribu njia ya namba. Kanuni zao za viazi za mwaka 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia, na madalali wakaendelea kufungasha kupita kiwango pale wasipokuwepo wakaguzi. Ukomo peke yake haumtishi mtu anayejua kwamba likimfika la kumfika atalipa na kuondoka.

Kesi ya jinai ina faida nyingine ambayo wakulima wengi hawaijui. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kumwamuru amlipe fidia aliyemdhuru. Kilo 600 zinaweza kurudi kwa mwenyewe kwa thamani yake, bila mkulima kuanza kesi nyingine ya madai ambayo nauli yake tu ya kwenda na kurudi mjini ingemshinda.

Tunajua ugumu wake. Waendesha mashtaka watasema ushahidi hupotea: gunia likishafika soko la Mabibo, Dar es Salaam, limemwagwa, na mkulima hakumbuki namba ya lori. Basi kazi ianzie kwenye geti la ushuru, ambako kila mzigo husimama na ambako halmashauri nayo inapunjwa pale ushuru unapohesabiwa kwa idadi ya magunia. Mizani iwepo pale, na ifanye kazi usiku pia, kwa kuwa malori mengi hupita usiku. Gunia lenye mshono wa kuunganisha lizuiliwe kama kielelezo. Jina la mnunuzi, kijiji ulikotoka mzigo na uzito uliopimwa viandikwe kwenye stakabadhi, na nakala ipelekwe kwa ofisa mtendaji wa kijiji hicho ili mkulima aitwe na maelezo yake yachukuliwe angali anakumbuka.

Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ina mawakili Iringa na Mbeya. Wakae na Wakala wa Vipimo, wachague majalada machache yenye hila ya wazi, na wayafikishe mbele ya hakimu kwa kifungu cha 304 kabla ya msimu ujao wa mavuno.