Na faili likizungushwa je?
Mwandishi, kitanzi cha readline() na time.sleep() cha kufuatilia faili la logi umekieleza vizuri, ila kwamba kinatosha kwenye seva hapana. Seva nyingi za Linux zina logrotate: inalibadilisha jina faili la logi, kisha linafunguliwa jipya kwa jina lile lile. Skripti yako ya Python haifuati jina, imeshikilia faili la zamani, kwa hiyo itakaa kimya bila kosa lolote nawe udhani mambo shwari. Kazini tulirithi moja ya aina hiyo kwenye logi ya malipo, asubuhi unaikuta bubu mpaka mtu aiwashe upya. Mstari usipopatikana, linganisha st_ino ya os.stat() kwa jina na ya os.fstat() ya faili ulilofungua. Zikitofautiana, maliza yaliyobaki kwenye la zamani ndipo ufungue jipya. Na ukubwa ukiwa mdogo kuliko tell() (fungua kwa "rb" ili namba iwe ya baiti), limekatwa, rudi mwanzo kwa seek(0).

Ndugu hapo juu anayesema tuite tail -f tu na kazi imekwisha: -f nayo ina ugonjwa huo huo, unayoitaka ni -F. Halafu mbona hakuna aliyegusa nusu mstari? readline() inaweza kukupa kipande kisicho na \n kwa sababu anayeandika hajamaliza. Kihifadhi, kiunganishe na kinachofuata ndipo ukichambue, la sivyo JSON itakugomea na utahangaika kutafuta kosa upande wa mwandikaji ambako halipo.